Tom Mboya: Mkaguzi wa afya aliyeangushwa na jeraha la kifua

WAKENYA wengi wanamkumbuka Hayati Thomas Joseph Odhiambo Mboya kwa ufasaha wake bungeni, kwa vyama vya wafanyakazi alivyovijenga na kwa ndege zilizowapeleka vijana wetu masomoni Marekani. Wachache wanakumbuka kwamba kazi ya kwanza aliyosomea na kuajiriwa ilikuwa ya afya ya umma. Na ni wachache zaidi wanaotafakari kifo chake kwa jicho la kitabibu, ingawa aliuawa kwa risasi zilizompata kifuani, katikati ya jiji, mchana wa Jumamosi, Julai 5, 1969.

Siasa za mauaji hayo zimeandikwa sana. Jeraha lenyewe halijaandikwa vya kutosha. Hata hivyo, majeruhi wa kifua hufikishwa kila mara katika hospitali zetu za kaunti, na anayewapokea huko kwa kawaida ni daktari wa upasuaji wa jumla, ambaye hana mwenzake bingwa wa moyo na mapafu wa kumwita. Maisha ya Mboya, kuanzia alikozaliwa hadi alikoanguka, yanatupa nafasi ya kulitazama suala hilo kwa makini.

Mboya alizaliwa Agosti 15, 1930, katika shamba la mkonge karibu na Kilima Mbogo, mlima unaojulikana pia kama Ol Donyo Sabuk. Baba yake, Leonard Ndiege, alitoka Kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Victoria na alikuwa nyapara katika shamba hilo lililokuwa la Sir William Northrup McMillan, tajiri aliyefariki mwaka 1925 na kuzikwa kwenye mteremko wa mlima huo.

Kwa damu, Mboya alikuwa mwana wa Rusinga, lakini nchi ya Machakos ndiyo iliyomlea. Alikua akicheza na watoto wa Wakamba na akaijua lugha yao tangu utotoni. Wengi wanaamini kwamba malezi hayo ndiyo yaliyomfanya baadaye awe mwanasiasa aliyechukia kupimwa kwa kabila lake.

Barabara kuu itokayo Thika kwenda Garissa hupita karibu na mlima huo, ikaelekea Matuu, ikafika Kithyoko katika eneo la Masinga, kisha ikaingia Kitui na kuendelea hadi Mwingi. Msomaji na aiweke barabara hiyo akilini, kwa maana tutairudia.

Shule yake ya kwanza ya maana ilikuwa Kabaa, misheni ya Wakatoliki iliyoko Machakos. Kutoka hapo alikwenda St Mary's Yala, na mwaka 1946 akaingia Mang'u, shule ya mapadre wa Roho Mtakatifu. Alifanya mtihani wa Cambridge mwaka 1947. Karo haikupatikana ya kumwezesha kuendelea zaidi. Ilimbidi atafute mafunzo ambayo yangemlisha yeye na kuwasaidia wadogo zake.

Mafunzo hayo aliyapata mwaka 1948 katika Jeanes School, Kabete, alikosomea ukaguzi wa afya. Kazi ya mkaguzi wa afya ilikuwa kupima maziwa, kukagua maji, nyama, vyoo na nyumba za kupanga, na kuzuia ugonjwa kabla haujamfikisha mtu hospitalini. Mwaka 1951 aliajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi.

Huko ndiko alikokutana uso kwa uso na ubaguzi. Mkaguzi Mwafrika alilipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa mkaguzi Mzungu kwa kazi ile ile. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye jinsi mwanamke mmoja wa Kizungu alivyoingia katika maabara akiwa na chupa ya maziwa, akamkuta Mboya peke yake, na bado akauliza kama kulikuwa na mtu humo. Kijana huyo alimjibu bila kuinamisha kichwa, na mama huyo akaenda kumshtaki kwa wakubwa.

Kijana mwingine angemeza machungu na kunyamaza. Mboya alijiunga na chama cha wafanyakazi Waafrika wa baraza hilo, akawa kiongozi wake, kisha akakigeuza kuwa chama kamili cha wafanyakazi wa serikali za mitaa. Mwaka 1953, wakati Hali ya Hatari ilikuwa imewatia kizuizini viongozi wengi wa siasa, alichaguliwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini. Alikuwa na umri wa miaka 23.

Miaka ya 1955 na 1956 aliitumia katika chuo cha Ruskin, mjini Oxford, Uingereza, kisha akaizuru Marekani. Aliporejea alisimama katika uchaguzi wa Machi 1957, uchaguzi wa kwanza kuwapa Waafrika wa Kenya nafasi ya kupiga kura kuingiza wajumbe katika Baraza la Kutunga Sheria, na akashinda kiti cha Nairobi. Desemba 1958 aliongoza kama mwenyekiti mkutano wa watu wa Afrika yote uliofanyika Accra, Ghana. Alikuwa na miaka 28 tu.

Jambo ambalo pengine limegusa maisha ya familia nyingi kuliko mengine aliyoyafanya lilianza mwaka 1959. Wakati huo Kenya haikuwa na chuo kikuu kamili chake. Wachache walikwenda Makerere, Uganda, na wachache zaidi Uingereza. Mboya aliona kwamba uhuru ungekuja kabla ya watu wa kuuendesha kupatikana. Aliwaendea marafiki zake Marekani, wakiwemo mfanyabiashara William Scheinman, mchezaji Jackie Robinson na waigizaji Harry Belafonte na Sidney Poitier, wakachangisha fedha. Septemba 1959 ndege ya kwanza iliondoka na wanafunzi 81.

Mwaka uliofuata wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000 za kuendeleza safari hizo. Profesa Wangari Maathai alikuwa miongoni mwa walionufaika mwaka huo wa 1960. Hadi mpango ulipokoma mwaka 1963, karibu wanafunzi 800 wa Afrika Mashariki na nchi jirani walikuwa wamesafirishwa.

Fikra iliyokuwa nyuma ya ndege hizo ilikuwa nyepesi kueleweka. Taifa haliwezi kungoja mtaalamu atoke mbali kila linapopatwa na shida. Ni lazima limfunze wake, na limweke karibu na wenye shida.

Mboya alikuwa katibu mkuu wa kwanza wa chama cha KANU, kilichoundwa mwaka 1960. Alishiriki mazungumzo ya katiba ya Lancaster House, London, akawa Waziri wa Leba mwaka 1962, Waziri wa Sheria na Masuala ya Katiba mwaka 1963, na tangu Desemba 1964 Waziri wa Mipango ya Uchumi na Maendeleo. Januari 1962 alimuoa Pamela Odede, binti wa mwanasiasa Walter Odede.

Katika wizara ya mipango, jina lake lilifungamana na waraka wa bunge nambari 10 wa mwaka 1965 kuhusu ujamaa wa Kiafrika, uliotaja umaskini, ujinga na maradhi kuwa adui wa taifa. Mwaka huo huo serikali iliondoa ada kwa wagonjwa wa kutwa katika hospitali za umma. Mwaka 1967 kitivo cha udaktari kilifunguliwa Nairobi. Wahitimu wake wa kwanza wangetoka mwaka 1972. Mboya hangekuwepo kuwaona.

Asubuhi ya Julai 5, 1969, alirejea kutoka Addis Ababa, Ethiopia, alikohudhuria mkutano wa Tume ya Uchumi ya Afrika. Mchana aliingia katika duka la dawa la Chhani kwenye barabara ya Government Road, ambayo sasa ni Moi Avenue, kununua mafuta ya ngozi. Alipotoka nje alifyatuliwa risasi kwa karibu. Alianguka pale mlangoni. Ambulensi ilimkimbiza Nairobi Hospital, umbali wa kilomita chache tu, lakini maisha yake hayakuweza kuokolewa. Alikuwa na umri wa miaka 38.

Je, ni nini humtokea mtu aliyejeruhiwa kifuani, hata dakika ziwe na thamani kubwa hivyo?

Kifua ni ngome ya mbavu inayohifadhi viungo visivyojua mapumziko, yaani moyo na mapafu, pamoja na mishipa mikubwa kabisa ya damu mwilini. Pafu hukunjuka vizuri kwa sababu nafasi iliyo baina yake na ukuta wa kifua haina hewa. Risasi, kisu au ubavu uliovunjika ukitoboa hapo, hewa huingia na pafu husinyaa. Hatari kubwa zaidi hutokea tundu linapokubali hewa iingie lakini ikatae kutoka. Shinikizo huongezeka kila mgonjwa anapovuta pumzi, moyo husukumwa upande wa pili, damu hushindwa kurudi moyoni, na mtu hufa kwa dakika chache.

Hatari ya pili ni damu. Mtu mzima ana takriban lita tano za damu mwilini, na kifua kinaweza kumeza sehemu kubwa ya damu hiyo bila tone kuonekana nje. Hatari ya tatu ni damu kujikusanya ndani ya mfuko unaouzunguka moyo, ukaubana hadi ushindwe kupiga. Hatari ya nne ni mbavu kadhaa kuvunjika mahali pawili pawili, kipande cha kifua kikawa kinaning'inia na kwenda kinyume na pumzi, na pafu lililo chini yake likachubuka.

Ni habari njema kwamba sehemu kubwa ya majeraha haya haihitaji kifua kupasuliwa. Miongoni mwa waliogongwa au kubanwa katika ajali, chini ya mmoja kati ya kumi ndiye anayehitaji upasuaji mkubwa. Miongoni mwa waliochomwa kisu au kupigwa risasi, ni kati ya 15 na 30 katika kila 100. Waliosalia huokolewa na vitu ambavyo hospitali ya kaunti inaweza kuwa navyo: njia ya hewa iliyo wazi, oksijeni, damu ya kuongezwa, dawa ya maumivu, na mrija.

Mrija huo huingizwa ubavuni, kati ya mbavu, na ncha yake ya nje huzamishwa katika chupa yenye maji. Hewa na damu hutoka, na maji huzuia hewa ya nje kurudi. Njia hii ilienezwa na daktari Mjerumani Gotthard Bülau wa Hamburg katika karne ya 19, na hadi leo haijapitwa na wakati. Sharti lake ni kwamba chupa ikae chini kuliko kifua cha mgonjwa wakati wote, hata anapohamishwa, ili maji yasirudi ndani.

Pale hewa inapoubana moyo, daktari hatakiwi kungoja picha ya eksirei. Hutambua kwa macho, masikio na vidole: mgonjwa anahema kwa shida, upande mmoja hauna sauti ya pumzi, shinikizo la damu linaporomoka. Hutoboa kwa sindano nene ili hewa itoke, kisha huweka mrija. Mgonjwa aliyekuwa akikata roho huweza kuanza kuzungumza baada ya muda mfupi.

Lazima vilevile ajue ni wakati gani mrija hautoshi. Mrija ukitoa zaidi ya lita moja na nusu ya damu kwa mara moja, au ukiendelea kutoa mililita 200 kila saa kwa saa kadhaa, kifua hakina budi kufunguliwa na mshipa utafutwe. Hapo ndipo daktari wa upasuaji wa jumla hupimwa. Aliyezoea matumbo, ngiri na vidole tumbo anatakiwa kuingia mahali ambapo moyo unapiga mbele ya macho yake. Mwaka 1896, mjini Frankfurt, Ludwig Rehn aliushona moyo wa kijana aliyechomwa kisu, naye akapona. Kabla ya hapo wengi waliamini kwamba moyo haugusiki.

Zipo risasi za kifuani zisizotaka kisu hata kidogo. Mwaka 1909, miaka 21 kabla ya Mboya kuzaliwa, aliyekuwa rais wa Marekani Theodore Roosevelt alikuwa mgeni wa McMillan yule yule katika shamba lake la Juja. Oktoba 14, 1912, mjini Milwaukee, Roosevelt alipigwa risasi kifuani akielekea kuhutubia mkutano. Risasi ilipunguzwa kasi na kasha la miwani na hotuba ya kurasa 50 iliyokunjwa mfukoni. Alikohoa, akaona hatemi damu, akakata kauli kwamba pafu halijatobolewa, akahutubia kwa zaidi ya saa nzima. Madaktari walipoipiga picha, waliamua kuiacha risasi ilipo. Aliishi nayo hadi alipofariki mwaka 1919.

Wanaume hao wawili, mmoja mgeni wa McMillan na mwingine mtoto wa nyapara wa shambani mwake, wanatufundisha jambo moja. Uzito wa jeraha la kifua hautegemei ukubwa wa tundu lililo kwenye ngozi. Hutegemea kilichoguswa ndani, na hilo hujulikana tu iwapo majeruhi atamfikia haraka mtu anayejua kupima.

Kwa haki ya historia, haifai kudai kwamba Mboya angeokolewa. Baadhi ya majeraha ya kifua humaliza uhai kabla ya gari la wagonjwa kuwashwa, hata hospitali iwe jirani. Lakini kwa kila anayepatwa na jeraha la aina hiyo, wapo wengine wengi ambao jeraha lao lina tiba, na wanachokosa ni muda.

Mauaji ya Mboya yaliitikisa nchi. Misa ya wafu katika Kanisa Kuu la Familia Takatifu, Nairobi, ilivurugwa na ghasia na vitoa machozi. Alizikwa Rusinga. Nahashon Isaac Njenga Njoroge alipatikana na hatia ya mauaji hayo mnamo Septemba na akanyongwa mwaka huo huo. Swali la nani aliyekuwa nyuma yake halijawahi kupata jibu lililowaridhisha wananchi.

Machungu hayo yalilipuka tena Oktoba 25, 1969, mjini Kisumu. Rais Jomo Kenyatta alikwenda kufungua hospitali kubwa iliyojengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti, ambayo wenyeji waliita Russia. Ghasia zilizuka na walinzi wakafyatua risasi. Serikali ilisema watu 11 waliuawa, ingawa wengi wanaamini idadi ilikuwa kubwa zaidi. Hospitali iliyojengwa ili kuokoa maisha ilifunguliwa kwa mlio wa bunduki. Chama cha KPU kilipigwa marufuku na kiongozi wake, Jaramogi Oginga Odinga, akatiwa kizuizini.

Mengi yamebadilika tangu wakati huo. Madaktari hufunzwa hapa nchini, na tangu mwaka 1999 Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, chenye makao Arusha, kimekuwa kikiwafunza madaktari wa upasuaji wakiwa kazini katika hospitali zao. Hilo linaafikiana sana na fikra ya Mboya, ingawa sasa mwanafunzi hahitaji kupanda ndege.

Lakini turudi kwenye ile barabara ya Thika na Garissa. Dereva wa lori, abiria wa matatu au mwendeshaji wa bodaboda akiumia kifua karibu na Kithyoko, hatima yake hutegemea mambo matatu: watakaomwokota, gari litakalombeba, na daktari atakayempokea. Kumpitisha hospitali iliyo karibu ili afike Nairobi akiwa hana mrija ni kamari. Hewa inayombana inaweza kutolewa huko huko karibu, kisha asafirishwe akiwa na pumzi.

Wananchi nao wana sehemu yao. Kisu au chuma kilichochoma kifua kisichomolewe, kwa kuwa huenda ndicho kinachoziba mshipa. Jeraha linalovuta hewa lifunikwe kwa kitu safi kisichopitisha hewa, kibandikwe pande tatu na upande wa nne uachwe wazi. Majeruhi asipewe chakula wala kinywaji. Asirundikwe nyuma ya gari kama gunia. Na hospitali ipigiwe simu mapema ili imngoje.

Barabara iliyokuwa ikiitwa Victoria sasa ni Tom Mboya Street, na tangu mwaka 2011 sanamu yake imesimama Moi Avenue, karibu na alipoangushwa. Ni heshima anayostahili. Lakini mkaguzi huyo wa zamani wa afya, aliyeamini kwamba wataalamu wafunzwe na wawe karibu na watu, angeheshimiwa zaidi iwapo kila hospitali iliyo kando ya barabara zetu kuu ingekuwa na mrija, chupa, damu, na daktari asiyesita kuvitumia.